Maziwa ya Bomba la Bibi Thackwell

Jumanne ya kwanza ya Februari, saa kumi na mbili asubuhi, Keziah Rudge alishika mpini wa bomba la jikoni ajaze ndoo ya kusugulia ngazi za mbele. Yakatoka maziwa. Yalikuwa ya vuguvugu, yakatoka kwa robo saa hivi, kisha yakakatika, yakafuata maji.

Mpishi, Mama Gadd, alichovya kidole akaramba.

"Yana mafuta haya. Leta ile sufuria kubwa, usinisimamie kama mlingoti."

Keziah akaleta sufuria. Kifua chake kilikuwa kimejaa mpaka kinauma, na gauni limelowa chini ya aproni, hivyo hakuhitaji kuelezwa. Ng'ambo ya mto, huko Bedminster, mwanawe Amos wa miezi mitatu alikuwa amelia robo saa, kisha akachoka.

Bibi Thackwell, mwenye nyumba, alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kuwainua Wasichana Walioanguka. Keziah alikuwa ameanguka mlemle ndani, hatua chache kutoka meza ya kamati, akainuliwa kwa sharti moja: mtoto asionekane wala asitajwe. Kwa hiyo Amos alilelewa na Mama Spurling, pamoja na watoto wengine saba wa wajakazi, katika chumba kimoja.

Wiki haikuisha, nyumba ikajua kwamba maziwa hutoka Amos anapolia, ikazoea. Muuza maziwa aliambiwa asisumbuke kuja tena. Kasisi alipoletewa habari alisema Maandiko yameahidi maziwa na asali, akauliza kwa adabu asali nayo ingekuja lini. Mama Gadd alizijua saa za Amos kuliko saa ya ukutani.

"Leo kachelewa huyu," alisema. "Nina mayai yangu hapa yananisubiri. Mwambie mwanao mpishi hana siku nzima."

Jumapili alikuja Bwana Lionel, mdogo wake Bwana Thackwell, akala bakuli mbili za wali wa maziwa, akasifu. Ndiye aliyekuwa baba wa Amos. Nyumba nzima ililijua hilo, kama watu wanavyoujua ubao uliooza sakafuni: kila mmoja aliuruka bila kutazama chini.

Keziah hakuyaonja maziwa yale. Lakini kila mpini uliposhuka yakatoka meupe, alishusha pumzi, kwa maana anayelia yu hai.

Mwezi Machi akajikaza, akapanda sebuleni.

"Bibi, nilikuwa naomba Amos aje alale nami kule darini. Hatamsumbua mtu. Nikimbeba halii kabisa."

Bibi Thackwell aliweka kalamu chini, akamtazama kwa upole.

"Ndiyo hasa sababu, Keziah, haiwezekani."

Katikati ya Aprili bomba likatoa maji Jumatatu kutwa. Jumanne likatoa maji. Keziah alipiga mpini mpaka viganja vikaota malengelenge, na Mama Gadd akaacha utani. Jumatano, siku ya kikao cha kamati, Bibi Thackwell aliteremka jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi.

"Naambiwa bomba limekauka."

"Halijakauka, bibi. Linatoa maji."

"Usinijibu. Wageni ishirini wanakuja kunywa chai saa kumi. Nenda kaone mwanao ana nini. Ukimkuta salama, mlize."

"Nimlize, bibi?"

"Wewe ndiye mama yake. Utajua namna."

Keziah aliteremka mlima wa Clifton mbiombio, akavuka daraja bila shali. Alimkuta Mama Spurling mlangoni akimenya viazi.

"Ee, mama Amos! Mwanao kapata adabu siku hizi, hutamjua."

Amos alikuwa amelala ndani ya sanduku la machungwa, rangi yake kama mshumaa. Watoto saba walilala kandokando yake, kimya, nao mshumaa mtupu. Keziah aliweka shavu kinywani mwa mwanawe mpaka akaipata pumzi.

"Umempa nini?"

"Matone tu ya usingizi. Wote wanapewa. Hakuna mama aliyelalamika."

Keziah aliichukua chupa rafuni, akaimwaga mferejini. Kisha akaketi sakafuni, akamsugua Amos nyayo, akamkamulia maziwa midomoni tone kwa tone. Kengele ya saa tisa ilipolia, mtoto akafumbua macho, akanyonya, akamshika mama yake kidole. Hakulia.

Hapo Keziah akazipima njia zote. Kwa baba yake hakurudiki. Jina lake lilikwisha kukatwa kwenye Biblia ya ukoo. Nyumba nyingine zilitaka mjakazi asiye na mtoto. Katika makao ya kutunzia maskini, mama huwekwa upande huu wa ukuta na mtoto upande ule. Akamlaza Amos sandukuni.

"Kuanzia leo usimpe hata tone," alimwambia Mama Spurling.

"Basi atalia kutwa."

"Na alie."

"Kelele hizo nitaishi nazo vipi mie?"

"Alie, nimekwambia. Akinyamaza siku moja tu nitajua, na nikirudi sitarudi na maneno."

"Utajulia wapi, na wewe uko Clifton?"

"Nitajua."

Amos alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Hatua ya tatu uchochoroni, Keziah akamsikia anaanza. Alisimama, gauni likalowa. Kisha akaendelea kutembea.

Alipofika, vikombe vilikuwa vimejaa. Sebuleni Bibi Thackwell alikuwa akisoma taarifa juu ya akina mama wanaotelekeza watoto wao, na mabibi wakitikisa vichwa kwa huzuni ya kweli. Mmoja wao aliuliza kama angeweza kuongezewa maziwa kidogo.

Keziah akapeleka jagi. Lilikuwa na joto bado, maana yake Amos alikuwa hajanyamaza.