Bi Sichana Hajatolewa Eda

Leo ndo leo! Thuwaiba anaingia nyumba ya mtu peke yake. Mafunzo yote ya ustawi wa jamii kule mjini yanakuja kupimwa hapa Chwaka, kwa Bi Sichana, mjane mkulima wa mwani, hatoki wala halali. Akishindwa kuzungumza naye, mwalimu wake, Bi Rahila, anamrudisha darasani. Na Bi Rahila mwenyewe huyo kakaa barazani, anasikiliza tu!

"Usijisumbue, mwanangu," jirani, Bi Tabia, kamwambia. "Yumo edani yule. Chakula twamwekea mlangoni, basi."

Thuwaiba nusura arudi. Mjane aliye edani humsumbui, hilo kalijua tangu mtoto. Lakini Bi Rahila kila siku huwapigia kelele: ulizeni, msikisie!

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akakaa naye mkekani. Karatasi ya maswali akaiacha mkobani.

"Bibi, eda yako inakwisha lini?"

Bi Sichana akacheka, kicheko kikavu. "Ilikwisha kabla ya Ramadhani."

Lahaula! Na Idi ishapita!

"Sasa mbona umo ndani?"

"Nani kaja kunitoa? Mawifi wanawangoja majirani, majirani wanawangoja mawifi. Nijitoe mwenyewe kama sina watu? Nkaona basi, hawanitaki." Machozi yakamshuka. "Usiku silali. Hata mwani sina hamu nao."

Akamimina chai, wakazungumza mpaka ikapoa. Bi Sichana akakubali kwenda Alhamisi kituo cha afya, akae na mshauri.

"Na hili la eda, bibi, nikawaambie?"

"Waambie. Tena waambie nna hasira nao!"

Thuwaiba huyo, mbio!

"Yallah toba!" Bi Tabia mkono mdomoni. "Mi nlijua mawifi zake ndo wanaohesabu siku!"

Haukupita muda, wanawake hao, na mawifi ndani yake, udi unafuka, kanga mpya mkononi. Wakamkogesha, wakamfukiza, wakamtoa. Vigelegele na ngoma! Bi Sichana jua linamchoma macho, akamgeukia Bi Tabia.

"Na mchuzi wako, shoga, chumvi tupu. Nlinyamaza kwa heshima ya eda."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Thuwaiba akamwendea Bi Rahila, pumzi juu.

"Mwalimu, nshafaulu?"

"Alhamisi nani anampeleka kituoni?"

"Mimi!"

"Na akisema hendi?"

"Ntamuuliza kwa nini."

"Haya," Bi Rahila akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Darasani sikutaki tena. Twende tukacheze."