Mgawanyiko wa Wanjira

Wanjira alikuwa akipepeta ndengu nje ya jiko simu ilipolia. Jirani wa mama yake kule Gachoka alimweleza kwamba mama amepooza upande wa kulia, hawezi kushika kijiko, na jina analoita ni la Wanjira tu. Wanjira akaweka ungo chini, akamwendea mama mkwe wake, Ruguru, akaomba ruhusa akamuuguze.

Ruguru hakuwa mwanamke mkali. Aliuliza tu, kwa upole, maji yataletwa na nani, mbuzi watakamwa na nani. Ngari, mume wa Wanjira, ambaye hupakia mchanga Kiritiri na kurudi hoi, alisema kwamba mama yake ameshasema. Gachoka si mbali. Mtu akiondoka asubuhi hufika jua halijawa kali. Lakini mke wa mtu haondoki hivi hivi.

Wiki hiyo alianza kunenepa. Alikula githeri sufuria nzima asishibe. Shuleni, mwalimu Mwongera aliwahi kuwachorea ubaoni jinsi seli inavyojigawa: kwanza hukua, kisha hunakili kila kitu kilichomo ndani yake, kisha hujikagua isije ikarithisha kosa, ndipo vitu hujipanga katikati na kuvutwa huku na huku. Wanjira alizitambua hatua zote. Alipokuwa na ndimi mbili alinyamaza, akisingizia jino. Alijikagua pia. Kovu la mkononi lilikuwa limenakiliwa, na asubuhi zile mama yake alipokuwa akimsuka nywele zilikuwepo zote, mara mbili.

Jumamosi, Ruguru akiwa sokoni, kiuno cha Wanjira kilijikaza kama gunia la makaa linalofungwa kamba. Kikaendelea kukaza mpaka kikakatika. Uchungu wake haukufikia ule wa kumzaa bintiye, Purity.

Wakawa wawili. Walikubaliana mmoja abaki, mwingine aende Gachoka, na kwa kuwa wote walitaka kwenda, wakafichana punje ya ndengu kiganjani. Haikusaidia, kwa sababu kila mmoja alijua iliko. Mwishowe akaenda aliyekuwa karibu na lango, na hapo langoni akakutana na Ruguru akirudi na punda.

Ruguru alimtazama, akamtazama na yule wa jikoni, jinsi mtu atazamavyo mbuzi aliyezaa mapacha. Wanjira wa langoni alimweleza kwa heshima kwamba mke wa Ngari yuko ndani, yeye ni mwingine.

"Mbuzi ya mahari ikizaa kwa boma," Ruguru aliuliza, "hiyo mtoto ni ya nani?"

"Ni ya boma, mami."

"Basi rudi ndani usaidie mwenzako."

Wanjira wa langoni akageuka, akarudi jikoni. Hata kwao Gachoka wangekata shauri vivyo hivyo. Tena mwalimu Mwongera alikuwa amesema wazi kwamba seli ikishajigawa, seli mama haibaki. Hubaki mabinti wawili tu. Kati yao hakuna aliyeweza kusema kwamba yeye hakuzaliwa pale.

Ngari aliona mikono imeongezeka, akakodi shamba la muguka, majani yale ya kutafunwa. Purity aliwaita wote mami. Jioni wote wawili walichoka sawasawa, wakala, wakanenepa, wakagawanyika tena, wakiamini kwamba kati ya wanne mmoja hatakosa kuachiliwa.

"Midomo imekuwa mingi," Ruguru alisema. "Nikiachilia mtu saa hii, nani atalisha hawa wote?"

Simu ililia tena wakati wa kupepeta. Aliyeipokea alisikiliza, na wale wengine wakaweka nyungo zao chini kabla hajasema neno. Mama alikuwa amekufa asubuhi, akimwita Wanjira.

Ruguru alilia kwa dhati, maana alimpenda marehemu. Aliruhusu mmoja aende mazishini, arudi kabla ya mbuzi kukamwa.

Watatu waliobaki waliendelea kupepeta. Walikuwa wamegawana mume, kitanda na jina. Mama hakugawanyika, kila mmoja alifiwa na mama mzima. Jioni yule wa nne aliporudi, njaa iliwashika wote kwa pamoja, wakateleka sufuria kubwa.