Mbwa Aliyefundishwa kwa Sambaza

Niliamka kichwa changu kikiwa mapajani mwa mwanamke aliyeogopa mbwa kuliko mtu yeyote Gisenyi, na mbwa wangu amelala juu ya miguu yangu. Nguo zangu zilikuwa zimelowa. Mkono wa yule mama ulikuwa shavuni pangu, naye alikuwa ananibembeleza: usiogope, usiogope.

Hiyo ilikuwa mwaka 1999, nami nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania. Baba alikuwa tabibu wa mifugo, na kazi aliyoipata ilikuwa kutunza mbwa walioachwa na wenyewe waliokimbia; mbwa hao walikuwa wamefungiwa nyuma ya nyumba moja tupu karibu na ziwa. Hakuna aliyemwonea wivu. Mwaka wa tisini na nne, wakati wa mauaji, watu walikuwa wamewaona mbwa wakifanya mambo ambayo hawakutaka kuyasimulia, na sisi tuliotoka nje tulijifunza kutouliza. Tangazo lilikuwa limeshapita: mahali pale pangefungwa, na mbwa ambaye hakuchukuliwa angeuawa.

Baba akamleta mmoja nyumbani kwetu, mtaa wa Mbugangari, wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika.

"Wenzake wakiugua, huyu ndiye hulala ubavuni kwao," alimwambia Mama. "Nitamfundisha amwangalie Umurerwa."

Umurerwa ni mimi. Nilikuwa na kifafa, na nilikuwa naangukia popote kiliponikuta. Watu waliamini mate ya anayeanguka yanaambukiza, kwa hiyo nikianguka njiani walinizunguka kwa mbali mpaka niamke mwenyewe. Kuamka hivyo kulinitia aibu kuliko kuanguka.

Mama alikubali kwa sharti moja. "Jirani mmoja akilalamika, anarudi alikotoka."

Hatukuwa na haja ya kuulizana ni jirani gani. Mukantwari aliishi peke yake ng'ambo ya uzio wetu wa miyenzi, ile miti ya minyaa, na alikuwa akivusha vitunguu mpakani kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo. Tangu mbwa aingie kwetu, alizunguka nyumba zote za nyuma ili asipite mbele ya lango letu. Hakusema neno. Baba, mtu wa utani, akampa mbwa jina la Semeni, maana huku jina la mbwa ni salamu kwa majirani. Mama hakucheka.

Basi kila alasiri nikawa naanguka kwa makusudi. Nilijitupa juu ya gunia uani, nikageuza macho, nikatikisa miguu, na Semeni akafundishwa kunilalia na kubweka mpaka mtu aje. Akipatia, Baba alimpa sambaza wakavu, vile visamaki vya ziwani. Nilikuwa mwigizaji hodari, na baadhi ya sambaza niliwala mwenyewe.

"Mtoto anaumwa kweli, nawe unamfundisha kuigiza!" Mama alilalamika. Ng'ambo ya miyenzi ufagio wa Mukantwari ulinyamaza kila Semeni alipobweka. Mama aliusikia ukinyamaza, naye akazidi kununa. "Ipo siku atakuja kusema."

Kosa la Baba lilikuwa la mtu aliyekulia Karagwe. Kule mbwa akibweka watu hutoka kuangalia kuna nini. Hakufikiri kwamba katika Gisenyi ya wakati ule, mbwa akibweka, watu huondoka.

Siku ile nilikuwa ziwani nasuuza sufuria. Sehemu hii nimesimuliwa tu. Nilianguka kifudifudi pale maji yanapogusa mchanga. Semeni akanilalia miguu na kubweka kama alivyofundishwa. Waliokuwa wakifua wakakusanya beseni zao na kuwashika watoto mkono. Mtu akarusha jiwe, likampata mgongoni, asiondoke. Kila wimbi dogo lilipokuja lilinifunika uso, na ufuko ukawa mtupu.

Mukantwari alikuwa anarudi kutoka Goma kwa barabara ya ziwani, kikapu kitupu mkononi. Alikiacha barabarani, akashuka, akaniinua uso majini.

Nilipopata sauti nilimwuliza, "Tantine, humwogopi mbwa?"

"Mi ninaogopa sana," alisema kwa Kiswahili chake cha Goma. "Hata sasa ninaogopa." Alikuwa amefumba macho, lakini mkono wake haukutoka shavuni pangu, wala hakuyafuta mate yangu nguoni mwake. "Kila siku naona ku miyenzi: we unaanguka, mbwa inalia, papa yako anakuya. Leo ililia, ililia, hakuna mutu alikuya. Nikasema, bon, leo haiko muchezo."

Nilimpenda pale pale, na sijaacha kumpenda.

Alinishika mkono mpaka nyumbani, mimi katikati, Semeni upande wa pili. Mama alipomwona langoni kwetu, akaniona nimelowa, uso ukamshuka.

"Najua, jirani. Atarudishwa leo hii."

"Arudishwe wapi?" Mukantwari alifoka. "Na mutoto atabaki na nani?"

Baba alipita nyumba kwa nyumba jioni ile, akieleza maana ya kubweka kule. Wengine walimsikiliza, wengine walimfungia mlango.

Semeni aliishi nami mpaka nilipokuwa msichana mkubwa. Mukantwari hakumgusa hata mara moja. Baba alipompa sambaza amlishe, aliwarusha kutoka mbali, wakaangukia juu ya paa. Lakini hakuzunguka tena nyumba za nyuma. Kila asubuhi, vitunguu vyake kichwani, alisimama ng'ambo ya barabara, akamkazia macho mbwa aliyelala langoni, na kumwuliza kwa sauti ya mtu anayekaripia:

"Mutoto alilala muzuri?"

Semeni alitikisa mkia.

"Bon," alisema Mukantwari, akashika njia ya Goma.