Ziwa Lilivyomfuata Domitille

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, huko Tchomia, wanawake walikuwa wakigeuza samaki wa chumvi juani, na wabebaji walikuwa wamechuchumaa ukingoni mwa Ziwa Albert wakingoja migongo yao ipandwe. Mashua za kwenda Uganda hazikuwa na gati. Zilisimama mbali, pale maji yanapomfika mtu kifuani, na abiria alifikishwa huko mgongoni mwa mbebaji. Asubuhi hiyo walikuwa wamekwisha kubeba magodoro, mbuzi, na padri mmoja mnene aliyeomba ashikwe kwa heshima.

Domitille hawakumbeba.

Alikuwa mshonaji wa mtaa wa Ngezi, Bunia, na miguu yake ilikuwa imelala tangu utotoni. Mwaka ule wa vita Bunia ilikuwa imebadilisha mabwana mara nyingi kuliko kitanda cha hoteli. Risasi zilipofika kwenye ua wake, mdogo wake Emerance alimsukuma kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, akaivuta nyuma kwenye miteremko yote, hadi ziwani. Waliofika baada yao walisema wenye bunduki nao wanateremka.

"Mama, siye tunabebaka mutu mwenye anatembea," alieleza Rodrigue, mkubwa wa wabebaji. "Mwenye hatembei anabebwa siku ya kaburi tu. Nikikubeba weye, ziwa itazania ni maiti. Itafunga samaki mwezi muzima."

"Na ile mbuzi?" aliuliza Domitille.

"Mbuzi inatembea."

"Na godoro?" alidakia Emerance. "Nayo inatembea?"

Rodrigue alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu. "Godoro haiko na miguu. Haiko sawa na kuwa na mbili zenye zimekataa kazi."

Fulgence, mwenye mashua, alikuwa na sharti lake pia. Ng'ambo kulikuwa na tope la magotini, kisha kilima, na kila abiria alitakiwa ajishushe na ajipandishe. "Haiko roho mbaya, mama," alisema. "Hii safari ni ya watu wenye kujiweza."

Jua lilipopanda, ziwa liliinuka. Halikufanya haraka. Lilipanda mchanga kama ng'ombe anayerudi zizini, likapita katikati ya samaki bila kuwalowesha, na kusimama kwenye magurudumu ya Domitille. Mashua ya Fulgence ilikuja nalo, ikamgusa goti. Wanawake waliwageuza samaki upande wa pili, maana ulikuwa wakati wa kuwageuza.

"Sasa hata kubebwa haiko lazima," alisema Domitille.

Alishika ukingo wa mashua, akajivuta kwa mikono yake, akaingia. Ziwa, likiona kwamba limemaliza shughuli iliyolileta, likarudi mahali pake. Mashua ilibaki juu ya mchanga mkavu, imelala ubavu, pamoja na abiria wake mmoja.

Milio ya bunduki ilisikika kutoka mlimani. Fulgence alikuna kichwa, akamwomba ashuke. Wabebaji wanne walimteremsha upesi, kwa kuwa mwiko ulihusu kupandisha tu. Walipomrudisha kwenye baiskeli yake, ziwa lilikuja tena.

Basi kila mtu akaelewa. Domitille akikaa mchangani, Tchomia ina gati. Watu walianza kupanda bila kulowesha viatu. Mashua nyingine zikasogea, zikapanga foleni magotini pake. Wazee waliokuwa wakiogopa maji ya kifuani waliingia kama watu wanaoingia kanisani, na kila mmoja alimwambia aksanti. Wabebaji, walipoona kazi yao imekwisha, nao wakapanda.

"Na miye?" aliuliza Domitille.

"Mashua ya mwisho ni yako, mama," alisema Fulgence. "Neno ya mwanaume."

"Nikipanda, maji itarudia pahali yake."

"Tutaona pale pale."

Emerance alitazama mlimani, kisha akamtazama dada yake. "Yaya, minaingia kukushikia nafasi," alisema. Alipanda mashua ya Fulgence, ambayo ndiyo ingekuwa ya mwisho, akatandika kitenge chake kwenye ubao wa mbele, na kukaa kando ya ubao huo.

Mashua nyingine zilijaa, zikaondoka, ikabaki ya Fulgence. Milio ilishuka mlimani, ikafika kwenye bonde, ikaacha kuwa milio ya mbali. Mara risasi moja ikatoboa beseni la samaki. Fulgence akavuta kamba ya injini.

"Ngoja!" Emerance alipiga kelele. "Hii nafasi iko na mwenyewe!"

"Iko na mwenyewe," alikubali Fulgence, na akiwa anageuza mashua alimkataza kila mtu kukalia kitenge. Agizo lake liliheshimiwa. Mashua ilikuwa imebana kiasi kwamba padri, aliyekuwa amehamia humo, alisafiri amesimama, lakini hakuna aliyeugusa ubao ule hadi Uganda, na Emerance aliulinda kwa mkono wake njia nzima, akitazama nyuma.

Ufukweni wanawake walikimbia, wakawaacha samaki wamekauka upande mmoja. Domitille alishika breki za baiskeli yake kwa mikono miwili. Nyuma yake viatu vilikuwa vikikanyaga mchanga bila haraka. Maji yalikuwa hapo, yamemzunguka magurudumu yote matatu, yenye kina cha kutosha mashua yoyote, yakingoja.