Mahali Meja Hayupo

Kwa miaka thelathini na moja, kazi ya Zarwali katika ile klabu ya maofisa pale Peshawar ilikuwa kucheza skwoshi, ule mchezo wa wawili kupiga mpira ukutani kwa raketi, na wakubwa, na kuwapelekea mpira pale pale waliposimama. Kitambi hakitaki kukimbia, basi mpira unakifuata. Mkubwa anapiga, anashinda, anakwenda kunywa chai yake akijiona simba.

Sasa wakubwa hao hao walikitaka chumba chake nyuma ya uwanja, wajenge choo cha wageni. Ndicho chumba alimofia mkewe, Bakhtmina, akisubiri gari la klabu limpeleke hospitali, nalo lilikuwa limetumwa kuleta nyama ya karamu ya kamati.

"Tucheze seti moja, mzee," katibu wa klabu, Meja Tauqir, alimwambia mbele ya wanachama. "Wa kwanza kufika pointi kumi na moja. Ukinifunga, chumba chako mpaka ufe. Nikikufunga, Jumamosi unatoka. Umewahi kunifunga wewe?"

"Bado, Sahib."

Wakaangua kicheko, wakapanda kukaa kwenye mabenchi ya juu.

Mkono ulimsaliti tangu mwanzo. Macho yaliona kona tupu, raketi ikapeleka mpira kifuani kwa Meja, kama punda aliyezoea njia ya nyumbani. Nne kwa nane.

"Naona choo kimeshaanza kunuka," mtu akasema juu.

Zarwali akajifuta jasho. Akaamua kuacha kuutazama ukuta. Kabla ya kila pigo aligeuza shingo kidogo, akaitazama miguu ya Meja. Miguu iko nyuma kushoto? Aliugusa mpira taratibu, ukafia mbele kulia. Meja akija mbele anahema, mpira unampita juu ya kichwa na kulala kwenye kona ya nyuma. Kila mara mkono ulitaka kurudia utumwa wake, na kila mara aliubana.

Nane kwa nane.

Meja hakuwa mjinga. Alianza kuikimbilia kona tupu kabla mpira haujapigwa, akapata pointi moja. Zarwali akapata mbili. Kumi kwa tisa.

Mpira ukaja juu. Zarwali aliinua raketi, akasikia viatu vya Meja vikichomoka kwenda kulia. Akaupiga kushoto, pale pale Meja alipotoka. Meja akageuka, miguu ikagongana, goti likashuka chini. Mpira ukadunda mara mbili mbele yake.

Akabaki amepiga goti. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unaniachia?"

Zarwali angeweza kusema ni bahati. Ndilo jibu lililomfaa mtu anayeishi kwa hisani ya watu hawa. Lakini alilikumbuka lile gari.

"Nilikuwa nakupigia uliposimama, Sahib. Ndivyo mlivyoniamuru."

Meja akainuka polepole. "Chumba ni chako," alisema, bila kumtazama.

Zarwali alikuwa ameshafika mlangoni wakati Kanali Shaukat, mshindi wa kombe la Idi miaka mitatu mfululizo, alipoinama juu ya ukingo wa mabenchi.

"Na mimi je, Zarwali?"

Zarwali akamtazama kuanzia kitambi mpaka miguuni.

"Wewe, Sahib, hata kuinama ulikuwa hutaki. Nilikuwekea mpira kwenye raketi."

Akatoka, akaenda chumbani kwake.