Balozi Hakubeba Sufuria

Kwa miaka minne mtangazaji wa habari za nje alikuwa na utaratibu asiouvunja. Kila asubuhi, kabla ya kwenda redioni, alipita kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake na kumsomea habari alizoziandika. Cherehani ikiendelea kunguruma, habari imeeleweka. Ikisimama, kuna neno la kubadilishwa. Siku hiyo alichelewa kuamka, akapitiliza moja kwa moja hadi studio.

Alipotoka studio saa sita, alikuta shangazi amempigia simu mara tisa. Akaenda mbio. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Vita vinaanza lini?" shangazi aliuliza kabla hata ya salamu.

"Vita gani, Shangazi?"

"Usinizuge! Si wewe uliyesema balozi wetu kule jirani ameitwa nyumbani kwa mashauriano? Wakubwa wanatangulia kukimbia, wanatuachia mabomu. Nimeshamwambia binti yangu aache kazi, apande basi la saa nane."

 Binti huyo, binamu wa mtangazaji, alikuwa muuguzi katika nchi hiyo jirani. Baada ya miaka miwili ya vibarua, saa saba mchana huo ndipo alipotakiwa kutia saini mkataba wa kudumu. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

"Shangazi, katika uhusiano wa kidiplomasia, hatua hiyo huashiria kutoridhishwa na..."

"Hayo kawasomee mabosi wako. Sema na mimi."

Akavuta kigoda, akaketi. "Mwaka ule ulipogombana na mumeo, ulikaa kwa bibi siku ngapi?"

"Tisa. Alinikoma!"

"Ulibeba sufuria?"

"Nizipeleke wapi? Nilikwenda kupumua, sikuhama."

"Basi na balozi amekuja kupumua. Tumekorofishana nao kuhusu ushuru wa mahindi, serikali yetu imenuna. Lakini ubalozi wetu haujafungwa, makarani wapo mezani, mabasi yanavuka mpaka kama jana. Sufuria ziko jikoni."

Shangazi alimkazia macho. "Na makarani nao wakifunga virago?"

"Hapo nitakuja kukwambia mwenyewe, hata kwa miguu."

Shangazi akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Mama, niko mlangoni kwa katibu muhtasi. Barua ya kuacha kazi ninayo hapa, namsubiri arudi kutoka kula."

"Ichane! Kasaini mkataba wako. Balozi amenuna tu!"

"Amenuna? Mama, wewe na huyo binamu yangu mtaniua kwa presha!" Kicheko chake kilichanganyika na kilio.

Shangazi alifunua cherehani. Mtangazaji akaomba kipande cha karatasi ya kukatia vipimo, akaiandika upya habari ya saa kumi, kisha akaanza kumsomea. Alikuwa kwenye sentensi ya makarani simu ilipotoa mlio wa ujumbe: *Nimesaini.*

Shangazi alifuta macho kwa pindo la gauni la mteja.

"Endelea kusoma," alisema, na cherehani ikanguruma hadi neno la mwisho.