Upande wa Kaaha

Tangu Kaaha arudi kwao Balambala, pikipiki ya Diriye haikwenda sawa. Ilivuta kulia, na kile kigari cha pembeni, alichokitengenezesha ili mkewe akae kwa raha zake, kilirukaruka barabarani hadi gurudumu lake likawa linakaa hewani zaidi kuliko chini. Watu wa soko la mifugo la Garissa walimcheka. Wala hakuwa na habari nao. Akili yake yote ilikuwa Balambala.

Na kosa ni lake, tusimtetee. Siku ya harusi ya mdogo wake Kaaha, alimwahidi mkewe kumpeleka. Kaaha akajipaka hina, akavaa gauni jipya la dirac, akakaa kungoja. Bwana huyu akatokea baada ya adhuhuri, kigarini amejaa beberu. Eti mnunuzi alichelewa, eti alidhani angewahi. Kaaha aliutazama mto wa kiti alioushona mwenyewe, sasa una mavi ya mbuzi.

"Kaa na mbuzi wako," alisema, akabeba mkoba wake na kupanda lori la kwenda kwao.

Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Diriye alimkumbuka sana. Alikumbuka zaidi ile sauti iliyokuwa ikitoka kushoto kwake, chini ya kiwiko, ikiamrisha safari nzima: punguza, kuna shimo, msalimie yule mzee. Zamani ilimchosha. Sasa aligeuza shingo kushoto kumweleza jambo, akaukuta mto tu.

Alipotuma wazee, mama mkwe, Mama Samsam, aliwajibu kwa ufupi. Diriye aje mwenyewe, na aje na kigari kilekile, kizima na kisafi. La sivyo, Kaaha hatoki.

Basi Diriye akaufua mto, akaufua tena, akaenda kwa fundi Adow. Adow akalishika gurudumu la kigari na kulitikisa, beringi haikulegea. Akagonga spoku, zote zimekaza. Akapima upepo wa tairi, akakalia shokabu kwa uzito wake wote, akasimama akijifuta mikono.

"Warya, bwana, kigari hiki hakina ugonjwa. Kilifungwa kwa uzito wa mtu. Pikipiki imelazwa kulia kidogo na springi imekazwa, ili mtu akikaa humu viende sawa. Kikiwa kitupu lazima kisumbue. Nani hukaa humu, na ana kilo ngapi?"

Gereji ilikuwa imejaa wanaume wanakunywa chai, na wote wakatega masikio. Sasa Diriye ataje uzito wa mkewe mbele ya hao? Afadhali afe.

"Hakuna mtu," alisema.

"Mzigo?"

"Hakuna. Kifunge kiende sawa kikiwa kitupu."

Adow alimtazama, akainua mabega. Akaisimamisha pikipiki wima, akalegeza springi. Na kweli, njia nzima ya Balambala chombo kilikwenda kimenyooka, hakivuti wala hakiruki. Diriye alifurahi kama mtoto. Alifanya mazoezi ya kuomba msamaha kwa sauti, na ngamia wakamsikia.

Mama Samsam alimpokea kwa maneno machache kutoka nyuma ya pazia, kama ilivyo heshima ya mkwe. Kaaha akatoka na mkoba wake. Aliinama akaunusa mto, akanusa tena, ndipo akakaa.

"Nimekaa tu," alisema. "Sijasema nimerudi."

Hawajafika mbali, pikipiki ikaanza kuvuta kushoto, inataka kuingia vichakani. Diriye akapigana na usukani. Kila shimo kigari kilibonyea hadi chini na kugota, na Kaaha akarushwa.

"Simama." Akasimama. "Ulipokuja, kilikuwa kinafanya hivi?"

"Hapana. Kilikwenda sawa."

"Bila mimi."

Diriye akalikazia macho gurudumu.

"Basi umekifunga bila mimi," Kaaha alisema. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomtisha. Akateremsha mguu mmoja chini. Nyumba ya mama yake ilikuwa bado inaonekana.

"Usishuke, abaayo, mke wangu. Fundi aliniuliza uzito wako, wanaume wamejaa pale. Nikaona haya."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna mtu."

"Ukasema hakuna mtu."

Neno hilo lilimuuma Diriye, Kaaha alivyolirudia. Diriye akatoa spana chini ya kiti chake, akapiga magoti kwenye mchanga. "Nimeteseka, Kaaha. Nyumba haikaliki. Naongea na mto huo barabarani, watu wananiona. Sasa kaa vizuri, maana hakifungiki mpaka uwe ndani."

Akalegeza nati, akailaza pikipiki kulia kidogo, akatazama, akailaza tena. Akakaza springi. Jasho lilimwingia machoni na jua halikumhurumia. Kaaha alimtazama tu, mguu wake ungali chini.

"Ukikifunga hivi," alisema mwishowe, "siku nisipokuwepo kitakusumbua tena."

"Kinisumbue."

Alikaza nati ya mwisho bila kuinua kichwa, maana aliogopa kuuangalia ule mguu. Akapanda, akawasha, akangoja. Hakusikia mkoba ukinyanyuliwa. Akatoa klachi polepole, na pikipiki ikaenda imenyooka kuelekea Garissa.

Mbele kulikuwa na shimo kubwa. Alikuwa ameshaliona tangu mbali, lakini hakupunguza mwendo.

"Punguza," ikasema sauti chini ya kiwiko chake. "Kuna shimo."

Akapunguza.